Geji Inajibu Swali Gani?

Namba inapokuambia kitu kimoja na macho yako yanakuambia kingine, ni haki kufuata kipi? Siulizi ipi ni busara, busara kila mtu ana yake. Nauliza haki, juu mara nyingi anayefuata namba si yeye anayelipa namba ikipotosha.

Hapa Dzaleka swali hili si la darasani. Tunaishi ndani ya namba. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994, ikapangwa kwa watu 10,000 mpaka 12,000, na leo tumezidi 50,000. Kila nyumba ina namba, kila familia ina ukubwa wake kwenye karatasi, kila mtoto ana uzito wake kwenye kadi. Lakini sitaanza na hizo. Tukianza na posho hakuna atakayesikiliza mpaka mwisho, kila mtu atakuwa na hasira tayari. Nitaanza na gari. Gari halina kabila wala shirika.

Kuna pikapu moja ya zamani, ya kabureta, inayobeba mizigo kati ya hapa na Lilongwe: viazi, sabuni, mbao, magodoro, siku nyingine mgonjwa. Mwenye gari ni mkimbizi kama mimi, lakini dereva ni Mmalawi wa kijiji cha jirani, juu mambo ya vibali mnayajua. Mapatano yao ni haya: kila safari mwenye gari anachukua kiasi chake, mafuta yanatolewa, na kinachobaki ndo cha dereva. Mkumbuke hiyo. Kinachobaki ndo cha dereva.

Gari likaanza kunywa. Miaka hii ya foleni za mafuta, ambapo mtu analala na dumu lake kwenye kituo au ananunua kwa chupa kwa bei ya kunong'onezwa, gari linalokunywa ni ugonjwa wa nyumba nzima. Mwenye gari akamlalamikia ndugu yake, aliyepata safari ya Marekani kabla safari hazijasimamishwa Januari 2025, na huko anafanya kazi gereji. Ndugu hakutuma pesa. Alituma geji, kwa mkono wa mtu aliyekuwa anakuja.

Wengi hamjawahi kuiona geji kama hiyo, kwa hiyo niieleze. Injini ya petroli haichomi petroli peke yake, inachoma petroli pamoja na hewa. Kilo moja ya petroli safi inataka hewa kama kilo 14.7 ili iungue yote, mafuta yasibaki na hewa isibaki. Mafuta yakizidi, mchanganyiko ni mzito: moshi mweusi, harufu, na pesa yako inatokea nyuma kwenye eksozi. Hewa ikizidi, mchanganyiko ni mwepesi: nguvu inapungua kwenye mlima, injini inapata joto, na ukiiacha hivyo valvu zinaungua. Geji kazi yake ni kukuonyesha uko upande gani. Chini ya 14.7 mzito, juu yake mwepesi.

Inajuaje? Unatoboa bomba la eksozi, unachomelea nati nene, na ndani yake unakaza kitu kinachofanana na buji (wenzetu wa kutoka Tanzania wanasema plagi). Vijana wanakiita sensa, na neno lenyewe linachekesha, maana kwenye Kiswahili cha ofisi sensa ni kuhesabu watu. Ndani yake kuna kipande cha kauri ambacho lazima kipashwe joto kupita digrii 700 ndipo kianze kunusa oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Si kitu cha jana. Ilikuwa kazi ya Bosch, na katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa tayari kwenye magari ya Volvo yaliyouzwa Marekani. Zile za mwanzo zilijua tu kusema mzito ama mwepesi. Hizi za sasa zinatoa namba, mpaka desimali.

Mimi si fundi. Nafanya kazi na vijana, na wanne kati yao wanajifunza magari kwa papa mmoja aliyekuwa na gereji Bukavu kabla ya vita kumleta huku. Nilikuwepo kwa sababu maelekezo yalikuwa ya Kiingereza, na papa ni mtu wa Kifaransa na Kiswahili. Kazi yangu ilikuwa kusoma na kutafsiri.

Kwenye karatasi kazi yote ilikuwa ya saa mbili. Ilichukua siku nne. Karatasi inasema sensa iingie kutoka upande wa juu wa bomba, ili maji yanayotokea ndani ya eksozi asubuhi yasituame juu ya kauri na kuipasua. Sasa juu ya bomba lile kuna chesesi, mkono wenyewe haupiti. Likakatwa bomba, likageuzwa, likaunganishwa upya. Wakati wa kuchomelea nati umeme ukakatika, nati ikiwa imeshikwa upande mmoja kama jino la mtoto, tukasubiri mpaka kesho yake. Rangi za waya hazikufanana na picha. Waya wa moto kijana mmoja aliufunga moja kwa moja kwenye betri, kwa hiyo sensa ikajipasha joto usiku kucha gari likiwa limelala, na asubuhi betri ilikuwa imekufa. Ukahamishiwa kwenye swichi ya funguo. Halafu namba ikawa inacheza. Ukiwasha taa, inaruka. Ukipiga honi, inaruka. Walibadilisha soketi, wakasafisha, wakaomba. Mwisho papa akafuata waya wa masi, ule mweusi, akakuta umefungwa kwenye skrubu iliyopakwa rangi chini ya dashibodi. Rangi haipitishi umeme vizuri. Akakwangua mpaka chuma kikang'aa, akaufunga kwenye injini yenyewe, na namba ikatulia.

Siku hiyo kulikuwa na furaha kama ya harusi, na nafikiri hatari ilianzia hapo. Namba inayochezacheza haiaminiwi na mtu. Namba iliyotulia inaaminiwa kabla haijaulizwa kitu.

Ikasema 16.8. Mara 17.1. Gari limesimama, injini inanguruma polepole, na geji inasema mafuta ni machache. Ajabu, gari linalokunywa hivyo! Lakini vijana walikuwa na jibu: injini ikikosa mafuta inakosa nguvu, dereva anakanyaga zaidi, ndo maana inakunywa. Ukisikia hivyo unaona ina maana. Wakalegeza skrubu ya kabureta, namba haikushuka. Wakapanua jikleri, kile kitundu cha shaba kinachopitisha petroli, namba ikashuka kidogo halafu ikapanda tena. Wakapanua tena.

Papa alisema mara moja tu: "Batoto, mie minasikia harufu ya esansi."

Kijana mmoja akamjibu, kwa heshima lakini akamjibu: "Papa, pua haina desimali."

Watu walicheka, hata papa mwenyewe alicheka. Gari likaondoka hivyo, na likafanya kazi hivyo wiki mbili kwenye barabara ya Lumbadzi kwenda mjini na kurudi.

Dereva hakuja kulalamika. Alikuja kusema kwamba Jumamosi hatakwenda. Alipoulizwa kwa nini, alisema tu kwamba akitoa mafuta, habaki na kitu cha kupeleka nyumbani, kwa hiyo afadhali alime shamba. Hakusema neno baya juu ya geji. Nafikiri hakujua kama ana ruhusa.

Hapo papa akafungua buji zote nne, akazipanga juu ya gazeti. Nyeusi kama makaa, zimejaa masizi. Kwa fundi yeyote hiyo ni barua iliyoandikwa wazi: mchanganyiko ni mzito, tena mzito sana. Na mbele ya dashibodi namba bado inasema 17. Kwa hiyo tulikuwa na mashahidi wawili, na mmoja anasema huyu mtoto ana njaa, mwingine anasema huyu mtoto ametapika kwa kushiba.

Vijana walisema geji ni mpya na buji ni za zamani. Papa hakubishana nao. Alimgeukia dereva, kwa Chichewa chake kile kibovu: "Achimwene, wewe unakaa ndani ya hii gari kutwa. Inasemaga nini?"

Dereva akasema asubuhi, injini ikiwa baridi, kuna kasauti mbele kule, tak-tak-tak, kama mtu anagonga kijiko. Injini ikishapata moto kanapotea. Alikuwa anakajua tangu kabla ya geji. Siku ya kufunga alikuwa amesimama pale pale, na hakuna aliyemwuliza, na yeye akaona watu wana karatasi ya Kiingereza mkononi.

Papa akaacha injini ipoe. Akaziba mdomo wa eksozi kwa kitambaa, akawasha, akapaka maji ya sabuni ya kufulia pale ambapo bomba linaungana na injini. Mapovu yakatoka kama chungu cha maharage. Gasketi ilikuwa imekatika. Chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba ule mwanya kidogo, ndo maana sauti inapotea, lakini haujazibika wote.

Sasa hapa ndipo nataka twende polepole, maana hapa ndipo somo lote liko. Sensa hainusi petroli. Haijawahi kunusa petroli. Inanusa oksijeni. Moshi wa injini hautoki kama maji ya bomba, unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo eksozi inavuta hewa ya nje kupitia kila mwanya inaoupata, hasa injini ikiwa inanguruma polepole. Hewa hiyo haikupita kwenye injini kabisa, lakini inapita mbele ya sensa. Sensa inaona oksijeni nyingi, na inasema ukweli: hapa kuna oksijeni nyingi. Sisi ndo tunasoma: mafuta ni machache.

Tena kuna baya zaidi. Vijana walipoongeza petroli, buji zilishika masizi, na buji yenye masizi kuna mara inashindwa kutoa cheche. Silinda ambayo haikuwaka inatoa nje petroli yake bichi na hewa yake yote bichi. Sensa inaiona ile hewa na inapandisha namba. Kwa hiyo kadiri unavyoilisha injini, ndivyo inavyokosa kuwaka, na kadiri inavyokosa kuwaka, ndivyo geji inavyolia njaa. Unaweza kuzama kabisa kwa kufuata namba ya kweli.

Je, geji ilidanganya? Hapana. Mwongo anajua ukweli na anakupeleka kwingine. Geji ilijibu swali lake vizuri mpaka desimali. Swali lake lilikuwa: oksijeni ni kiasi gani hapa nilipokaa? Letu lilikuwa: injini inakula kiasi gani? Mara nyingi maswali hayo mawili yana jibu moja, ndo maana geji ni kitu cha maana. Siku yanapoachana, geji haina namna ya kukuambia kwamba yameachana.

Na wiki mbili za kuachana kwake zililipwa na mtu ambaye hakuinunua, hakuifunga, na hakuombwa rai. Zilitoka kwenye kile kinachobaki.

Sasa naweza kuja kwenye mambo yetu.

Kila mama hapa anaijua ile tepu ya mkono, yenye rangi tatu. Mtoto wa kuanzia miezi 6 mpaka miezi 59, mkono wake wa juu ukiwa chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kati ya hapo na 12.5 ni njano, kuanzia 12.5 ni kijani. Ni geji nzuri kuliko nyingi ninazozijua. Haihitaji umeme, mama mwenyewe anaweza kufundishwa kuitumia. Lakini kuna mtoto ambaye tepu itasema kijani na yeye yuko karibu na kufa: yule aliyevimba kwa utapiamlo. Mwili wake umejaa maji, tepu inapima maji na kusoma nyama. Tepu inajibu mkono una unene gani. Haijui unene huo ni wa nini.

Basi waliopanga kazi hiyo walifanya nini? Hawakuitupa tepu. Walimwambia mhudumu: ukishapima mkono, mbonyeze mtoto kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili, hesabu sekunde tatu, uachie. Shimo likibaki, mpeleke, hata kama tepu imesema kijani. Kidole gumba ni buji ya papa. Kidole hakina desimali, na kwenye jambo hilo kimepewa neno la mwisho juu ya tepu, na aliyekipa neno hilo ni mtu aliyejua tepu haioni wapi. Nikiulizwa uaminifu wa kipimo ni nini, nitaonyesha hiyo sekunde tatu.

Vipimo vingine havina sekunde tatu. Mwaka mmoja nilikuwa kati ya vijana waliopita nyumba kwa nyumba na fomu kwenye simu, kazi ya siku kumi. Fomu iliuliza paa ni la nini, vyumba vingapi, nani anaweza kufanya kazi. Nikafika kwa mama mmoja, mjane wa kutoka upande wa Fizi, anayekaa kwenye nyumba ya mabati ya watu waliokwenda Kanada. Walimwachia aitunze. Ndani kulikuwa na mkeka, sufuria mbili na wajukuu watatu. Nikajaza mabati, maana paa lilikuwa la mabati. Vyumba viwili, maana vilikuwa viwili. Nilitafuta mahali pa kuandika kwamba nyumba si yake, hapakuwepo, na simu haikubali kwenda mbele mpaka uchague kimoja kati ya vilivyopo. Nikaandika pembeni kwenye daftari na nikalipeleka kwa msimamizi wa siku hiyo.

Yule mama aliniuliza: "Mwanangu, hiyo simu inauliza nyumba ama inaniuliza mimi?"

Swali la mwanafalsafa. Majibu yalipotoka, alikuwa amewekwa upande wa wanaojiweza. Akaenda kuuliza, akaambiwa ni sistemu.

Neno hilo mnalijua. Sistemu imekataa. Sistemu haisomi. Si mimi, ni sistemu. Ninyi mnaofanya kazi mashirikani, wengine mtasoma hapa, sina ugomvi nanyi, na mara nyingi anayesema hivyo anasema kweli: mkono wake haufiki kwenye ile skrubu. Lakini hebu tupime sentensi yenyewe. "Si mimi, ni geji." Kijana aliyepanua jikleri angeweza kuisema mbele ya dereva? Geji ndiyo iliyosema 17, hiyo ni kweli. Ila mkono uliopanua kile kitundu ulikuwa na vidole vitano.

Jibu langu ni hili, mtu mwingine aandike la kwake. Kosa la kufuata namba halipimwi kwa ukubwa wa upotovu. Linapimwa kwa bei ya kuhakikisha. Maji ya sabuni yalikuwa bei gani? Kumwuliza dereva kulikuwa bei gani? Kama njia ya pili ya kujua ni ghali, inahitaji maabara ya Lilongwe au mtaalamu kutoka nje, basi mtu anaweza kusema nilifuata nilichokuwa nacho, na nitamwelewa. Lakini kama njia ya pili ni sabuni, ni kidole gumba, ni kumwuliza mtu aliyesimama mita mbili kutoka kwako, huwezi kujificha nyuma ya namba. Na pale ambapo anayelipa ni mtu mwingine, deni la kuhakikisha linakuwa zito zaidi. Mfuko wako mwenyewe unaweza kuucheza kamari. Kinachobaki cha dereva, hapana.

Kuna wenzangu kwenye kikundi chetu cha mazungumzo walifurahi nilipofika hapa, wakasema basi, vipimo vyote ni vya wakubwa, tumwamini mtu na pua yake. Nikawaambia subirini, hadithi ya pikapu haijaisha.

Gasketi ilinunuliwa Biwi, ikafungwa, jikleri ikarudishwa ya ukubwa wake, buji zikasafishwa. Gari likapona kwenye kusimama na kwenye barabara tambarare, moshi ukaisha, papa akawa mfalme. Wiki iliyofuata kijana yule yule wa desimali akapanda gari likiwa na mzigo, akiangalia geji njia nzima. Kwenye tambarare ilikaa karibu na 14 na kitu. Kwenye mlima, gari limekanyagwa na mzigo mzito, ikapanda 16, ikafika 17. Akarudi akasema. Papa akasema hapana, hiyo geji tunaijua tabia yake. Akafungua buji, zilikuwa na rangi nzuri ya kahawia. Akasikiliza injini, safi. Harufu hakuna. Kwa pua, kwa sikio na kwa jicho, gari lilikuwa zima.

Kijana hakuachia. Akaziba eksozi, akapaka sabuni, hakuna povu hata moja. Akasema, "Papa, sasa geji haina mahali pa kupotelea." Akafuata mpira wa petroli mpaka kwenye kichujio, akakikata katikati kwa msumeno. Ndani kulikuwa na tope na kutu na vinyuzi vya mifuko, uchafu wote wa petroli ya chupa na madumu. Kwenye tambarare kilipitisha mafuta ya kutosha. Kwenye mlima injini inataka mafuta mengi kwa mara moja, kikashindwa. Buji hazikuonyesha kwa sababu mlima ni dakika chache na njia iliyobaki ni saa nzima, rangi ya buji ni kumbukumbu ya safari yote. Hakuna pua duniani ingenusa kile. Miezi miwili zaidi, na valvu zingekuwa zimeungua.

Papa alikitazama kichujio kwa muda. Akasema, "Bon." Kwa papa hiyo ni hotuba.

Kwa hiyo sikubali kabisa hii habari ya kuachana na vipimo. Tena kwetu sisi ni hatari. Kabla ya mizani na orodha kuna nini? Kuna mtu mmoja mwenye kopo anayeangalia sura. Wakubwa wetu wanasimulia kambi za zamani, ambapo kopo lilijazwa kwa yule mnayetoka naye kijiji kimoja na lilitikiswa kwa mwingine. Pua ya binadamu inanusa ndugu yake kwanza. Mtu mwenye haya, asiye na ndugu kwenye kamati, asiyejua lugha ya mgawaji, rafiki yake wa kwanza ni mizani. Ninapomtetea yule mama wa mabati, simwombei fomu ife. Namwombea sekunde tatu.

Ila angalieni tofauti ya kijana wa mara ya kwanza na kijana wa mara ya pili. Ni yule yule, na geji ni ile ile, na hata namba ni ile ile, 17. Mara ya kwanza aliifuata kama amri. Mara ya pili aliizuia kwanza kila mahali ambapo ingeweza kupotea, ndipo akasimama nayo mbele ya mkubwa wake. Nilipenda zaidi ujasiri wa mara ya pili.

Limebaki jambo moja ambalo bado linawagombanisha pale chini ya mwembe. Malawi inachanganya ethanoli ya miwa kwenye petroli tangu mwaka 1982, kiwanda cha kwanza kilianzia Dwangwa, kule Nkhotakota kwenye ziwa. Ethanoli ina oksijeni yake tayari, kwa hiyo haitaki hewa nyingi: kilo moja inaungua kwa hewa kilo 9 tu. Petroli yenye ethanoli sehemu kumi kwa mia haitaki 14.7, inataka kama 14.1. Papa alipoelewa hayo alikasirika kuliko siku zote. "Sasa hii 14.7 ni ya esansi ya nani?"

Nilirudi kwenye karatasi ya maelekezo, kurasa za mwisho ambazo hakuna aliyenituma kuzisoma. Kumbe geji haijui kilo za hewa hata kidogo. Inachojua ni kama hewa imetosha, imezidi au imepungua, na hiyo inaipata vizuri kwa mafuta yoyote. Halafu inachukua jibu lake na kulizidisha kwa 14.7, kwa sababu aliyeitengeneza alifikiria petroli ya kwao. Ile desimali iliyomshinda papa kwa kicheko ilikuwa imeongezwa na mtu, kwa nia njema, ili wateja wake waone namba waliyoizoea.

Kuna kitufe kidogo nyuma. Ukikishika sekunde kadhaa, geji inaacha kuzidisha na inaonyesha jibu lake lenyewe: 1 maana yake imetosha, juu ya 1 hewa imezidi, chini ya 1 mafuta yamezidi. Papa ameiacha hapo. Dereva naye sasa anaisoma mwenyewe akiwa njiani, na ikipita 1 kwenye mlima anapunguza mguu na anaandika mahali kwenye kadaftari anakoweka karibu na gia. Vijana wanataka irudishwe kwenye 14.7, wanasema 1 inaonekana kama geji ya watoto. Mwenye gari anasema wamwulize dereva.